Kamba za hanesi: maliza kazi Moshi kabla ya kushuka Tanga

Kwa sisi tunaokaa Moshi na kupanda ubao wa tanga baharini, yaani windsurfing, kosa dogo la kamba linaweza kula likizo nzima. Kutoka hapa hadi Tanga ni kama kilomita 350. Ukishateremsha ubao, mlingoti na begi la tanga kwenye basi, halafu ukagundua kamba ya hanesi imechoka, wavuvi watakupa kamba za ngalawa za kila unene, ila hiyo unayoitafuta hawana. Madukani Moshi nako sijawahi kuiona. Ndiyo maana mimi hukagua zangu wiki moja kabla, mizigo ikiwa imemwagwa sebuleni na watoto wanauliza kama tunahama.

Kwa anayeanza: hanesi ni mkanda mpana wa kiunoni au wa makalio, wenye kulabu mbele. Bumu, yaani lile fremu unaloshika kuongoza tanga, hufungwa kitanzi cha kamba kila upande. Ukipachika kulabu kwenye kitanzi, uzito wa mwili ndio unaozuia tanga na mikono inapumzika. Bila hivyo, nusu saa ya kusi kali na jioni huwezi kushika kikombe cha chai bila kutetemeka.

Anza na urefu, maana hapo ndipo wengi wanapotupa hela. Kamba hizi huuzwa kwa inchi, na kipimo ni kamba nzima kutoka ncha hadi ncha, si kina cha kitanzi. Zinazorekebishika mara nyingi huenda kutoka 22 hadi 28, 24 hadi 30, au 26 hadi 32. Kipimo cha haraka ni mkono wako: egemeza kiwiko chini ndani ya kitanzi, kiganja kikielekea juu kwenye bumu. Bumu likiangukia penye kifundo cha mkono, panapokaa saa, uko karibu na urefu wako. Mwenye hanesi ya makalio huhitaji kamba ndefu kidogo kwa sababu kulabu yake iko chini. Wa kiunoni anaweza kupunguza. Kamba fupi mno inakugandisha kwenye tanga, na dhoruba ikikupiga unarushwa mbele nalo. Ndefu mno inaning'inia na kujipachika kwenye kulabu wakati hukutaka.

Kwa nini basi usumbuke na inayorekebishika? Kwa sababu siku si moja. Ukikata kuelekea upepo unataka kuirefusha kidogo, ukirudi upepo ukiwa nyuma unaifupisha. Tena kama mnatumia vifaa vya pamoja, wewe na shemeji yako mrefu, mtakubaliana vizuri zaidi. Ila ujue unachonunua: kila kinachorekebishika kina sehemu ya ziada ya kuharibika. Kamba ya urefu mmoja ina kamba na mpira wake tu. Hii nyingine ina kibanio cha kushikilia kamba kwenye urefu uliouchagua, mkia wa kuvutia, wakati mwingine na pingili ya kuzuia, na vyote hivyo vinaishi kwenye chumvi na mchanga.

Kibanio ndicho ninachokiangalia kuliko rangi wala jina. Meno yake yakiwa ya plastiki laini, mchanga unayasaga hadi yanakuwa laini kama sabuni, na kamba inaanza kuponyoka taratibu. Hutajua mara moja. Utaona tu upande wa kulia umekuwa mrefu kuliko wa kushoto, utalaumu upepo, utalaumu tanga, na mgongo utakuuma upande mmoja. Ilinikuta Ushongo, kusini ya Pangani. Siku mbili nzima nilisogeza mlingoti mbele na nyuma kabla sijapima kamba na kukuta tofauti ya vidole vitatu.

Tangu hapo nina kipimo changu cha nyumbani. Natundika mpini wa jembe kwenye tawi nene la mparachichi, nafunga kamba kwenye mpini kama ningefunga kwenye bumu, navaa hanesi na kujipachika. Kabla ya kukalia, naweka alama ya kalamu pale kamba inapotokea kwenye kibanio. Kisha najiachia uzito wote, najirusharusha dakika tano, miguu ikigusa ardhi ili tawi likiniangusha nisiende mbali. Majirani wameshazoea. Alama ikisogea hata upana wa punje ya mchele, kibanio hicho hakisafiri. Rudia kamba ikiwa imeloa, kwa sababu kinachoshika kikavu si lazima kishike kibichi.

Halafu angalia panapofichika. Mpira mgumu unaofunika kamba upo ili kulabu iusugue wenyewe badala ya kamba. Ukipasuka, kamba ina siku zake. Lakini mara nyingi mkatiko huanzia ndani ya mkanda unaokumbatia bumu, ambako jicho halifiki. Fungua mkanda, kunja kamba, tafuta nyuzi zilizosimama kama nywele. Chagua aina inayokuruhusu kuvuta kamba nje na kuibadilisha. Ile iliyoshonewa moja kwa moja inakulazimu kutupa kitu kizima kwa ajili ya senti kumi za uchakavu. Ushonaji wa mkanda ukianza kuachia, fundi viatu mwenye mashine nzito atakushonea vizuri kwa uzi wa nailoni, mradi umwonyeshe njia ile ile ya mshono wa zamani. Velkro iliyojaa mchanga ichambue kwa mswaki mkavu.

Kishawishi cha Moshi ni kamba za wapanda mlima. Zipo, ni imara, na zina rangi nzuri. Zile nyembamba za nailoni usitumie hapa: nailoni inavutika, hasa ikiloa, na kitanzi kinachorefuka kila upepo unapoongezeka kinakuvuruga mizani. Poliesta inavutika kidogo na inavumilia jua. Dyneema, aina nyingine ya nyuzi za viwandani, ni imara sana kwa unene wake, lakini inateleza, kwa hiyo si kila kibanio kinaishika, na huyeyuka kwa joto la chini kuliko poliesta, kwa hiyo ukichoma ncha kwa kiberiti nenda taratibu. Na ukipita Korogwe ukaona mashamba ya mkonge, zao aliloleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, usipate wazo: kamba ya katani hunywa maji na kuoza, iache ifunge mizigo.

Unene wa bumu upime kabla ya kuagiza. Mkanda uliotengenezewa bumu nene ukifungwa kwenye jembamba unazunguka, na mkanda unaozunguka ni sawa na kutokuwa nao. Agiza mapema; anayekuletea kutoka nje hatakuwa na haraka kama yako. Na pamoja na zote hizo, tia begini jozi moja ya kamba za kawaida zisizorekebishika. Bei yake ndogo, uzito wake hauzidi wa kandambili.

Kazi inayobaki ya kufanyia ufukweni ni kupanga mahali pa kufunga. Anza kama theluthi ya urefu wa bumu kutoka mlingotini, kamba mbili za kitanzi zikiachana kwa upana wa ngumi au pungufu. Jipachike palepale mchangani upepo ukiwa wa kawaida, kisha legeza vidole. Mkono wa nyuma ukichoka, rudisha kamba nyuma kidogo. Ukichoka wa mbele, sogeza mbele. Sogeza nusu inchi, si zaidi. Tanga likisimama lenyewe bila mkono kulivuta, weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye bumu, kushoto na kulia, kisha jioni zivue kamba, zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi na uzianike kivulini.