Kimbunga cha Pwani siyo mvua yako ya kupandia

Ndugu zangu wakulima wa Dodoma, kuanzia Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, hili tumeliongea sana kwenye mikutano ya vijiji na bado kila msimu linajirudia. Redio ikitangaza kimbunga huko baharini, magrupu ya WhatsApp yanawaka moto, "mvua inakuja jamani pandeni", kesho yake yanashuka manyunyu na mtu anamaliza mfuko mzima wa mbegu siku hiyo hiyo. Wiki 2 mbele jua linawaka, miche imekauka, anarudi dukani kununua mbegu mara ya pili kwa hela ya kukopa. Inauma sana kuona hivi.

Vimbunga vya bahari yetu msimu wake hasa ni Novemba mpaka Aprili, ndo huo huo msimu wetu wa kulima, kwa hiyo habari zake utazisikia tu kila mwaka. Vingi vinaishia Madagaska na Msumbiji. Vilivyotupiga wenyewe ni vya kuhesabu: Zanzibar 1872, Lindi 1952, halafu Hidaya pale Mafia Mei 2024. Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kiliisha nguvu kabla hakijatua. Na hata Hidaya ilivyogusa nchi kavu ikalegea haraka, sasa kutoka Dar mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 400, mvua ya kupandia unaitegemeaje kutoka huko?

Tena kimbunga kikikaa Mlango wa Msumbiji, ile bahari kati ya Msumbiji na Madagaska, mara nyingi kinavuta unyevu kwenda kwake, huku sisi tunabaki na mawingu matupu. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira kule Msumbiji, Kenya walisubiri sana masika yao. Kikikaa mashariki ya Madagaska kinaweza kutuvutia upepo wa magharibi wenye mvua. Kwa hiyo jina la kimbunga peke yake halikwambii kitu, sikiliza TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wanasema nini kuhusu Dodoma, siyo kuhusu Mtwara.

Sasa kipimo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Chukua kopo lenye mdomo na kitako sawa, liweke juu ya nguzo mahali pa wazi mbali na mti na paa, saa 3 asubuhi ingiza rula usome halafu umwage. Unatafuta milimita 20 ndani ya siku 2 au 3. Siyo 8, siyo 12, ni 20! Ukizipata nenda shambani na jembe, chimba sehemu 3, unyevu uwe umeshuka sentimita 15 mpaka 20. Chota udongo wa kule chini, siyo wa juu, ufumbe mkononi: ukishikana panda, ukimwagika kama vumbi rudi nyumbani. Kwenye kichanga hautashikana sana, hapo sikilizia ubaridi kiganjani.

Wanaopanda kavu mwishoni mwa Novemba siwagombezi, mbegu kwenye udongo mkavu kabisa inalala inasubiri. Balaa ni udongo wa nusu nusu, juu sentimita 4 zimelowa chini pakavu, mbegu inaamka, mzizi unashuka unakuta vumbi, basi imekufa. Na hicho ndo manyunyu yanachofanya.

Kipimo kikitimia panda ndani ya siku 2, mtama kina cha sentimita 3 mpaka 4, uwele 2 mpaka 3, nafasi sentimita 75 mstari kwa mstari na 30 shimo kwa shimo. Mtu anaambiwa sentimita 3 anafukia mpaka 8 halafu analalamika mbegu feki, hapana mzee wangu, pima na kidole. Mbegu usimwage yote, bakiza kiasi. Siku ya 5 mpaka 7 mistari ikijaa umefaulu. Siku ya 14 punguza ibaki miche 2 kwa shimo, na mapengo uwe umeshayajazia kabla ya hapo kwa ile mbegu uliyobakiza, siyo usubiri mpaka Februari.