Namna ya kukaa na mwandishi asubuhi nzima: mwongozo wa mazungumzo marefu, kutoka Lubumbashi

Mwandishi akialikwa redioni kwa dakika kumi na tano, atasema yale aliyokwisha kuyasema kwingine: kitabu kinahusu nini, alianza lini, kinauzwa wapi. Hana kosa. Kwetu dakika kumi na tano zinaishia kwenye salamu.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa na historia katika shule moja ya sekondari upande wa Katuba, hapa Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jumamosi naongoza kikao cha wasomaji. Tunamwalika mwandishi mmoja, tunakaa naye tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, tunarekodi, halafu tunaandika yaliyosemwa, neno kwa neno. Naandika haya kwa walimu, wanafunzi na wasomaji wanaotaka kufanya hivyo mtaani kwao. Katika kazi hii nashikilia jambo moja: swali litoke kwenye ukurasa wa kitabu. Ukimuuliza mtu kuhusu maisha kwa jumla atakupa hotuba. Ukimuuliza kuhusu sentensi aliyoiandika mwenyewe, ataanza kukumbuka.

Kazi hii ina wazee wake hapa kwetu, na ni vizuri uwasome kabla ya kumwalika mtu yeyote. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha waliowahi kuwa maboi wa Wazungu. Aliiita *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, maana Élisabethville ndilo jina la zamani la Lubumbashi. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani. Miaka michache baadaye, kati ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa, akamweleza historia ya nchi kwa picha 101. Walizungumza Kiswahili cha mjini, kinasa sauti kikiwa mezani. Mazungumzo hayo yameandikwa na kuwekwa kwenye intaneti, na maandishi ya Yav pia yapo. Soma hata kurasa ishirini tu, uangalie mpangilio: Tshibumba anaieleza picha kwanza, mpaka anamaliza, ndipo maswali yanaanza. Mimi nimejifunza mengi kwenye mpangilio huo kuliko kwenye kitabu chochote cha uandishi wa habari.

Yav na Tshibumba wanatufundisha pia nani aitwe mwandishi. Usingoje mtu aliyechapishwa Paris. Mwalimu mstaafu aliyepiga kopi daftari lake kuhusu ukoo wake, dada anayeandika mashairi kule commune ya Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi), kijana anayetunga tamthilia za parokia, wote wana kurasa za kuulizia. Anza na aliye karibu.

Kusoma ndiyo nusu ya kazi

Soma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza soma kama msomaji tu, bila penseli. Mara ya pili shika penseli na uweke alama za aina tatu pembeni: moja kwa mahali unapopajua, moja kwa mwaka au tukio la historia, na moja kwa pale mwandishi alipoliruka jambo. Hii ya tatu ndiyo inayozaa zaidi. Tuseme katika riwaya fulani, mwishoni mwa sura, mtoto ana miaka saba na bendera ya Ubelgiji bado inapepea. Sura inayofuata inamkuta ana miaka kumi na mmoja. Hapo katikati Katanga, mkoa wetu, ilijitenga na Kongo, tarehe 11 Julai 1960, na kujitenga kwenyewe kukaisha Januari 1963. Mwandishi ameliruka lote. Muulize taratibu: "Baba, kati ya sura hizi mbili, kwenye nyumba hiyo kulitokea nini?" Kwenye swali la namna hiyo nimepata masimulizi ambayo hayamo ndani ya kitabu, kuhusu nani alihama, nani alificha nini chini ya kitanda, shule zilifungwa mpaka lini.

Kisha chukua karatasi moja na uigawe safu tatu: maisha ya mwandishi, muda wa kitabu, mambo ya mji. Kwenye safu ya mji andika yale ambayo yana uhakika. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa 1906. Mji ulianzishwa 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma, na askari wakawapiga risasi uwanjani. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ikawaondoa kazini zaidi ya watu 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kila mwandishi wa hapa ana ndugu aliyeguswa na mojawapo ya miaka hiyo, na safu hizi tatu zikikaa bega kwa bega, maswali yanajitokeza yenyewe. V. Y. Mudimbe, mwandishi wa riwaya na mwanafalsafa, kwa mfano, alizaliwa Likasi Desemba 1941, mwezi wa mgomo. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha hilo haraka kama karatasi yako. Alifariki mwaka 2025. Yule uliyekuwa ukitaka kumuuliza mwaka ujao, muulize mwaka huu.

Kumwalika na kuandaa mahali

Usialike kwa ujumbe wa simu peke yake. Nenda nyumbani kwake, au mtume mtu anayejulikana huko, ubebe na barua fupi. Barua iseme mambo manne waziwazi: kwamba mtakaa muda mrefu, kwamba mtarekodi, kwamba ana haki ya kukataa swali lolote, na kwamba atasoma maandishi kabla ya mtu mwingine kuyaona. Mzee muite Baba au Mama, aliyekutangulia kidogo muite yaya (kwetu ni kaka au dada mkubwa), na profesa muite Prof. Kumuita mzee kwa jina lake kavu mbele ya vijana kunafunga mlango kabla hujakaa. Akija kwenu kutoka upande mwingine wa mji, lipa teksi yake ya kwenda na kurudi, na umpe pesa hiyo mwanzoni ili asikae akiiwaza.

Kama inawezekana, mfuate nyumbani kwake, karibu na vitabu na picha zake za ukutani. Atasimama katikati ya jibu na kwenda kuchukua kitu, na kitu hicho kitafungua saa nyingine nzima. Lakini sikiliza nyumba kwanza. Kuanzia Novemba mvua ikipiga mabati hutasikia neno, kwa hiyo mwandishi anayekaa chini ya mabati mwalike kati ya Mei na Septemba. Uliza siku ya mazoezi ya kwaya ya jirani. Uliza kama kuna jenereta linalowashwa umeme ukikatika.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Tumia mbili, ili moja ikikwama nyingine iendelee. Zikate mtandao, zijaze betri, weka moja karibu na kifua cha mwandishi juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana meza tupu inapitisha kila kishindo cha kikombe. Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo muanze.

Masaa yenyewe

Mwombe mwandishi asome aya moja kwa sauti, aya uliyoichagua wewe. Anaposoma, anarudi mahali alipokuwa wakati wa kuandika, na sauti yake inabadilika. Kisha uliza swali dogo, la kitu kinachoshikika. Kama aya inataja posho ya wafanyakazi wa kambi, uliza ilikuwa inatolewa siku gani, nani alikwenda kuipokea, unga ulibebwa kwenye nini. Kutoka kwenye unga mtafika kwenye mshahara, kutoka kwenye mshahara kwenye baba aliyenyamaza mezani, na mtafika bila wewe kumsukuma mtu.

Kuna maswali mawili ambayo kwenye kikao chetu hayaulizwi kabla ya mwisho: "Ni nini kilikusukuma kuandika?" na "Una ujumbe gani kwa vijana?" Kila mwandishi ana jibu lake tayari mfukoni, na akishalitoa anaona kazi imekwisha. Badala yake uliza: Nani alikisoma kwanza, na alisema nini? Ni sura gani uliifuta? Uliandikia wapi, usiku au mchana, watoto wakiwa wapi? Mtu gani wa kweli alikasirika alipojikuta humu ndani? Swali la sura iliyofutwa ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu historia nyingi ya nchi hii imo ndani ya sura zilizofutwa kwa woga, kwa adabu, au kwa amri ya mchapishaji aliyekaa mbali.

Vitabu vingi vya hapa vimeandikwa kwa Kifaransa. Hata hivyo, mwambie mwandishi tangu kwenye barua kwamba mtazungumza Kiswahili, kile anachozungumza nyumbani. Kwa Kifaransa anajibu kama anavyowajibu wahakiki. Kwa Kiswahili anawajibu majirani, na jirani anajua kama kweli kisima kilikuwa upande huo. Kifaransa kikiingia katikati, kiache kiingie.

Akinyamaza, nyamaza nawe. Hili ni gumu kwa walimu, tumezoea kujaza ukimya darasani. Angalia meza, angalia kitabu, usimwangalie usoni kama mtahini. Mara nyingi sentensi inayokuja baada ya ukimya ndiyo ungeisafiria.

Mwandishi akitaja tarehe tofauti na ile ya karatasi yako, usimkate. Weka alama, mwache amalize, kisha rudi: "Mama, hapa nilikuwa nimesoma mwaka mwingine, tusaidie." Pengine kumbukumbu imeteleza, pengine amebadilisha mwaka kwa makusudi kwa ajili ya hadithi, na hayo mawili ni majibu tofauti kabisa. Kwa mambo kama risasi za 1941 mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hesabu ya waliokufa katika taarifa za wakoloni si ile iliyobaki midomoni mwa familia za wafanyakazi. Andika zote mbili, na useme ipi imetoka wapi. Riwaya ina ruhusa ya kuchagua. Maandishi yenu ya kikao hayana ruhusa hiyo.

Chai ikija, watu hulegea, na hapo mambo mazuri husemwa. Uliza kama simu ibaki ikirekodi. Akisema izimwe, izime kweli, mbele ya macho yake. Mkirudi, unaweza kumuomba arudie lile analokubali lisikike.

Kuna vidonda pia. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, walifukuzwa Katanga. Wengine walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na baadhi ya waliowafukuza walikuwa majirani zao. Kwenye kikao kimoja wanaweza kukaa watoto wa pande zote mbili. Usilitupe swali la namna hiyo mbele ya watu kwa kushtukiza. Mwendee mwandishi kabla, peke yake, umuulize kama yuko tayari, na mkubaliane ishara ya kusimamisha. Majina ya majirani walio hai yanaondolewa kwenye maandishi, hata kama mwandishi mwenyewe ameyataja.

Akiwa mbali

Waandishi wetu wengi wanaishi nje. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, anaishi Graz, Austria. Usirekodi sauti inayotoka kwenye simu, mtandao unaikatakata. Pigianeni simu kama kawaida, lakini kila upande urekodi sauti yake kwa simu ya pili iliyo mezani. Mwanzoni pigeni kofi moja kwa pamoja. Baadaye mwandishi anatuma faili lake, nawe unaziunganisha sauti mbili kwenye kompyuta kwa kufuata kofi hilo. Sauti inakuwa safi kama mlikaa chumba kimoja. Masaa mawili yanatosha kwa mbali. Mtu huchoka haraka akizungumza na asiyemwona.

Baada ya kuondoka

Kuandika kunachosha kuliko kuuliza. Gawaneni sauti vipande vya dakika ishirini, kila msomaji achukue kimoja, na mwingine akisikilize tena akiwa na maandishi mkononi. Msisafishe Kiswahili cha mwandishi kiwe cha shuleni. Akirudia neno mara tatu, liandikeni mara tatu. Palipokuwa na kicheko, andikeni kwamba alicheka.

Mpelekee maandishi yaliyochapwa kwa herufi kubwa, pamoja na kalamu. Akitaka kubadilisha, abadilishe pembeni, na mabadiliko yake muyaweke kama nyongeza. Akitaka kitu kiondolewe kwa usalama wa mtu, kiondolewe bila mjadala. Aweke sahihi akikubali, nanyi muweke zenu.

Faili la sauti lipewe jina linaloanza na tarehe, kisha jina la mwandishi. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta ya mmoja wenu, ya pili kwenye fleshi inayokaa nyumba nyingine, ya tatu apewe mwandishi, au mtoto wake kama yeye hana pa kuisikilizia. Kisha toeni kopi ya karatasi mpeleke kwenye maktaba ya shule iliyo karibu nanyi, imeshonwa, yenye tarehe na mahali mlipokaa kwenye ukurasa wa kwanza.