Mita ya kwanza ya ukuta: kujenga kwa fedha kidogo panapofurika maji

Chumba cha mama yangu hapa Ujiji kilianguka usiku, masika ya 2020. Hakikuangushwa na upepo wala mkondo. Kilikuwa cha tofali mbichi nilizofyatua mwenyewe. Maji yakasimama siku mbili usawa wa goti, ukuta ukalainika kwa chini kama andazi lililochovywa kwenye chai. Mama alikuwa amelala kwa dada yangu, namshukuru Mungu. Asubuhi nilikuta bati zote nzima, zimelala juu ya tope. Tangu siku hiyo, mteja akiniuliza aanzie wapi, namwambia fedha yake nyingi iishie chini ya dirisha.

Kwanza jua unapambana na maji gani. Mto Luiche ukifurika hupungua baada ya siku kadhaa, na maji ya namna hiyo unaweza kuyajengea. Ziwa Tanganyika ni jambo jingine. Lina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, hivyo likipanda halishuki upesi. Waulize watu wa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma. Ufukweni usihangaike kuinua msingi, tafuta kiwanja kingine. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.

Kiwanja kikishapatikana, tafuta alama ya maji. Mimi huwauliza wazee, kisha naangalia mstari wa tope kwenye shina la mwembe au ukuta wa jirani. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji usiache hewa ndani. Mmoja ashike ncha moja kwenye alama, wewe shika nyingine kwenye kigingi cha kiwanja chako. Maji yakitulia, usawa wa huku ndio usawa wa kule. Piga msumari hapo, ongeza nusu mita: hiyo ndiyo sakafu yako. Usikadirie kwa macho, ardhi ya bondeni inadanganya.

Hadi usawa huo jenga kwa mawe na saruji. Kigoma mawe tunayo. Ndani jaza moramu, ule udongo wa changarawe, tabaka la sentimita 15, mwagia maji, shindilia, ndipo uweke jingine. Usijaze udongo mweusi, unavimba ukilowa na kupasua jamvi, yaani zege la sakafu. Juu ya msingi tandika nailoni nzito kabla ya tofali la kwanza, ili unyevu usipande ukutani. Upande mfupi wa nyumba uelekee maji yanakotoka.

Juu ya hapo ndipo unapookoa fedha. Tofali za kuchoma zinamaliza miti yetu. Mimi nafyatua za udongo na saruji kwa mashine ya mkono, zile za kufungamana, ndoo moja ya saruji kwa 12 za udongo uliochekechwa. Jaribu udongo kwanza: jaza nusu chupa, ongeza maji, tikisa, uache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi ni mwingi, ongeza mchanga. Tofali zikitoka, zifunike kwa majani au nailoni na kuzimwagilia siku saba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kwa haraka ya kupandisha ukuta, halafu wanalaumu mashine.

Linta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, izunguke nyumba nzima bila kukatika, nondo nne za milimita 12. Bati litokeze sentimita 60 nje ya ukuta. Plasta ya nje inaweza kusubiri mwaka ujao, linta haisubiri.

Choo nacho kiinue usawa ule ule, na kuta za shimo zijengwe. Shimo likifurika, kinyesi kinaingia visimani, na kipindupindu tunakijua.

Sakafu ya mama sasa iko sentimita 90 juu ya ardhi. Magoti yake hayawezi ngazi ndefu, kwa hiyo nilijenga vidato sita vya sentimita 15, vipana vya kutosha kuweka miguu yote miwili, na bomba la chuma la kushika upande wa kulia. Ukijengea mzee, pima vidato naye akiwepo, kabla zege halijamwagwa.