Kuchagua na Kutumia Vyombo vya Meko ya Ukutani

Mtu anayetafuta vyombo vya meko ya ukutani huvutiwa kwanza na mng'ao wa shaba na nakshi za mhunzi, hali ya kuwa jambo la kuamuliwa mwanzo ni chakula cha moto wenyewe: je, utalishwa kuni au makaa ya mawe? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua chombo kitakachokaa chini ya moto, na chombo hicho kikikosewa, vingine vyote vitabaki kuwa mapambo.

Makaa ya mawe hayawaki vizuri bila hewa kupita chini yake, kwa hiyo yanahitaji kichanja cha chuma chenye miguu, ambacho majivu huanguka katikati ya fito zake na hewa hupanda. Kuni hazina sharti hilo. Huwaka vyema juu ya tandiko la majivu lenye unene wa sentimita 2 au 3, na tandiko hilo ni la kutunzwa badala ya kufagiliwa kila asubuhi, kwa sababu huhifadhi joto la makaa na kurahisisha kukoka moto siku inayofuata. Kwa kuni, kinachofaa zaidi kwa maoni yangu ni jozi ya vyuma vya kuegemezea magogo: kila kimoja kina ufito mnene unaolala kuelekea ukuta wa nyuma, na mbele kina nguzo fupi inayozuia gogo lisibingirike likatoka nje. Kazi yake inakaribiana na ya mafiga, ila hapa kinachoinuliwa ni kuni zenyewe, si chungu. Chagua jozi ambayo fito zake ni fupi kuliko kina cha meko kwa sentimita kadhaa, kisha uipange kwa umbali ambao magogo yako ya kawaida yatazidi kidogo kila upande. Gogo kubwa huwekwa nyuma na madogo mbele yake, kukiwa na mwanya mwembamba katikati, kwani gogo lililo peke yake aghalabu huzimika, lakini mawili yanayotazamana hupashana joto yakaendelea kuwaka.

Nyuma ya moto husimamishwa bamba la chuma cha kusubu, ambalo huyakinga matofali yasipasuke na kuurudisha chumbani sehemu ya joto ambalo lingepotelea ukutani. Katika eneo la Weald, kusini mashariki mwa Uingereza, mabamba haya yalikuwa yakisubiwa tangu karne ya 16, na katika yale ya kale huonekana alama za kamba zilizokandamizwa kwenye mchanga kabla ya chuma kilichoyeyuka kumiminwa. Bamba zuri ni nene na zito. Liache mwanya mdogo baina yake na ukuta ili chuma kipate nafasi ya kutanuka, liwashie moto mdogo mara chache za mwanzo, na usilimwagie maji likiwa na joto, kwa sababu chuma cha kusubu kinachopozwa ghafla hupasuka.

Kuhusu vyombo vya mkononi, kuna kosa moja ambalo wanunuzi hulirudia sana, nalo ni kununua seti kamili iliyoning'inizwa kwenye stendi bila kukijaribu hata chombo kimoja. Vishike. Chuma cha kuchochea moto kiwe na urefu wa sentimita 60 hadi 75, kiasi cha kuuweka mkono mbali na miali, na ncha yake iwe na ndoana pembeni, maana kugeuza na kuvuta gogo ni kazi ya kila mara kuliko kulisukuma. Koleo ndilo linalodai uangalifu mkubwa zaidi. Lifungue na kulifumba kwa mkono mmoja, uangalie kama ncha zake zinakutana sawasawa na kama ribiti yake haichezi, kisha ubane nalo gogo lenye unene wa sentimita 10 na kuliinua. Koleo linalopinda au kuteleza katika jaribio hilo siku moja litakuangushia kijinga cha moto juu ya zulia. Chuma cha kufua hustahimili kazi hii kuliko shaba, lakini mshikio wa shaba hauna ubaya. Ukitaka kujua kama ni shaba halisi au ni chuma kilichopakwa rangi yake, weka sumaku, nayo itakishika chuma na kuiacha shaba. Burashi iwe ya singa au nyuzi za mimea, kwa kuwa plastiki huyeyuka ikigusa kaa dogo tu. Jihadhari pia na chochote kilichopakwa zinki ukitaka kukiweka ndani ya moto wenyewe, kwani zinki iliyopata joto kali hutoa mvuke wenye madhara.

Mvukuto wa ngozi ni chombo ninachokipenda kuliko vyote, ingawa kuni zikiwa kavu vya kutosha, yaani zikiwa na unyevu usiozidi asilimia 20, hutauhitaji mara nyingi. Unaponunua, ufumbe huku umeziba mdomo wake kwa kidole: ukisikia hewa ikitoka kwenye mishono, ngozi imechoka. Unapoutumia, elekeza mdomo kwenye makaa yaliyo chini, si kwenye miali, na uvukute polepole kwa pumzi ndefu, kwa sababu pumzi za haraka hurusha majivu chumbani.

Wavu wa kuzuia cheche usimame mbele ya moto wakati wote usiposhughulika nao, hata ukiwa umeketi hapo hapo, hasa kwa kuni za misonobari ambazo hupasuka na kurusha cheche mbali. Uwe mpana kuliko mlango wa meko, na uwe mzito kiasi cha kutoangushwa na mtoto.

Ndoo ya majivu haionekani kuwa na uzuri wowote, lakini ndiyo inayoweza kuiteketeza nyumba. Makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki hai kwa siku kadhaa huku juu pameonekana baridi. Kwa hiyo ndoo iwe ya chuma, iwe na kifuniko kinachobana na miguu inayoiinua kutoka sakafuni, na ikishajazwa ipelekwe nje, juu ya jiwe au udongo mtupu, angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba.

Zamani Ulaya kulikuwa pia na kifuniko cha chuma au shaba kilichowekwa juu ya makaa yaliyokusanywa ukutani, ili yadumu hadi asubuhi bila kurusha cheche. Neno «kafyu» linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya «funika moto», kwa kuwa kengele ilipigwa jioni kuwaamuru watu wafanye hivyo. Ukikipata kifuniko kama hicho, kitumie, lakini usifunge kilango cha dohani, yaani kile kinachopitisha moshi, kwa kuwa umeufunika moto: makaa yanayofukuta huendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu, na kilango hicho kinapaswa kubaki wazi mpaka kaa la mwisho lipoe.