Somo: Kutega mbegu za chaza Mombasa, na kwa nini urefu wa kamba ndio unaoamua

Swali ni lilelile kila mara: "Nimening'iniza vifuu baharini, mbona sipati chaza?" Nikiuliza vimening'inizwa kwa urefu gani, jibu huwa "pale maji yanapofika". Basi naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Chaza tunayemzungumzia ni yule wa miamba, Saccostrea cucullata, anayeshika kwenye majabali ya Nyali na Likoni, kwenye nguzo za magati, na kwenye mizizi ya mikoko huko Tudor, Mtwapa na Gazi. Maisha yake huanza kwa kuogelea, kiluwiluwi asiyeonekana kwa macho. Baada ya takriban wiki mbili hadi tatu hutafuta pahali pagumu, akajigandisha kwa gamba la kushoto, na hapo hatoki tena. Huyo mchanga aliyekwisha kushika ndiye mbegu. Ukijua mbegu hushika wapi, lini na kwa wingi gani, ndipo unaweza kusema pahali fulani panafaa kufugia. Na kila mbegu inayoshika kwenye kifuu chako ni sababu moja ya kutokwenda na panga kukata mzizi wa mkoko kwa ajili ya chaza watatu.

Hatua ya 1: Ruhusa. Zungumza na BMU (kamati ya wavuvi wanaosimamia ufuo) ya ufuo wako. Ikiwa ni utafiti, pata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ikiwa ni ndani ya mikoko, waone watu wa misitu.

Hatua ya 2: Vifaa. Vifuu vilivyosuguliwa makumbi yote, kamba ya nailoni, miti miwili mitatu iliyonyooka, penseli, rula. Usitumie waya wa shaba wala waya wenye zinki. Shaba ni sumu kwa viluwiluwi, ndiyo maana hutiwa kwenye rangi za matumbo ya meli ili kitu chochote kisishike.

Hatua ya 3: Chokaa. Changanya chokaa, mchanga laini na saruji kidogo, iwe kama uji mzito. Chovya vifuu, anika vikauke kabisa, kisha viloweke maji ya bahari siku kadhaa ukali wa chokaa uishe. Faida yake utaiona siku ya kuwatoa: mbegu hubanduka na ganda la chokaa, gamba lake halivunjiki. Wafugaji wa Arcachon, Ufaransa, walipaka vigae vyao chokaa namna hiyo tangu karne ya 19.

Hatua ya 4: Urefu, yaani kifuu kifungwe juu kiasi gani. Hapa nisomeni polepole, maana misimu mizima imepotea hapa.

Mombasa, wakati wa bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana), maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti ni kama mita 1 tu. Kamba uliyoipima siku ya maji mafu itakudanganya. Utaona kifuu kinaloa na kukauka vizuri, uende zako umeridhika, kumbe bamvua ikija kinakaa nje saa nyingi. Au umefunga chini mno, na maji mafu yakirudi hakitoki majini hata mara moja kwa siku kadhaa mfululizo.

Halafu bamvua yetu ina jambo lake. Maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita za mchana, na tena usiku saa kama hizo. Yaani siku zile ambazo chaza hukaa nje muda mrefu zaidi ndizo siku ambazo hukaa nje jua likiwa kali. Chaza mkubwa hufunga gamba akavumilia. Mbegu ya ukubwa wa dengu haina maji ya kutosha ndani, hukauka.

Ukikuta mbegu zimekufa, usiseme tu "wameliwa". Kaa chini, chukua kioo cha kukuzia, tazama. Konokono mtobozi huacha tundu dogo la mviringo, safi, kana kwamba limepigwa sindano. Kaa huacha kingo zilizovunjika. Jua huacha gamba la chini limeshika pale pale, zima, halina tundu, na la juu limefunguka au limeanguka. Vifo vitatu, dawa tatu tofauti. Jua linakwambia ushushe kamba. Konokono na kaa wanakwambia uipandishe, kwa sababu kadiri kifuu kinavyokaa majini ndivyo wanavyopata nafasi ya kula.

Basi urefu unapatikanaje? Hauhitaji mashine. Bahari yenyewe ni levo. Nenda siku ya bamvua, siku isiyo na upepo, maji yakiwa yamepwa. Tafuta jabali au nguzo ya karibu yenye chaza wa asili, utawaona wamejipanga kwa ukanda: chini hawapo, juu hawapo, katikati wamebanana. Simika mti wako hatua chache kutoka hapo. Mwenzako asimame kwenye jabali, wewe kwenye mti. Maji yakianza kujaa na kugusa ukingo wa chini wa ule ukanda, anapiga kelele, nawe unakata alama mahali maji yalipofika kwenye mti. Msubiri. Yakigusa katikati, alama ya pili. Yakigusa ukingo wa juu, alama ya tatu. Sasa una urefu ambao chaza wenyewe wameuchagua kwa miaka mingi, umehamia kwenye mti wako.

Onyo: usichukue alama za jabali la baharini wazi ukazipeleka ndani ya mikoko. Kwenye mawimbi ukanda hupanda juu kwa sababu ya rasharasha. Ndani kwenye maji tulivu hauko hivyo. Onyo la pili: mti ukizama topeni hata shubiri moja, alama zako zote zimeshuka nao. Upigilie hadi ukatae, na uukague kila ukirudi.

Hatua ya 5: Funga vifuu vitano kwenye kila alama, miti isipungue mitatu. Mti mmoja si utafiti.

Hatua ya 6: Rudi kila bamvua. Hesabu walio hai, waliokufa, na namna walivyokufa. Pima kwa rula kutoka bawaba ya gamba hadi ukingo wa mbali.

Hatua ya 7: Andika kwa penseli, hapo hapo majini. Wino huyeyuka na kumbukumbu ya kichwani nayo vivyo hivyo.

---

MASWALI

kijana_mtwapa: Kazi nzuri bro. Kwa kifupi nifunge mita ngapi kutoka chini?

Jibu: Hatua ya 4.

kijana_mtwapa: Nimesoma, ni ndefu. Nipe tu namba.

Jibu: Namba ya Mtwapa si ya Tudor, na ya nje ya mikoko si ya ndani. Nikikupa namba nitakuwa nakupotezea msimu. Tafuta ukanda wa chaza wa asili, subiri maji, kata alama. Ni kazi ya asubuhi moja.

mama_wa_likoni: Shikamoo mwalimu. Mimi nimetega na vikundi vya kina mama. Naona mbegu ni nyingi upande wa ndani wa kifuu kuliko wa nje, kila mara. Ni kwa nini?

Jibu: Marahaba mama, na ahsante kwa kutazama kwa makini hivyo. Viluwiluwi wengi wa chaza wakifikia kushika hupendelea upande wenye kivuli na ulioelekea chini. Huko tope halitui juu yao na jua haliwapati moja kwa moja. Nawaombeni mfanye hivi: nusu ya vifuu vifungwe vikiwa vimefunika, nusu vikiwa vimefunuka kama bakuli, urefu uleule, mti uleule. Hesabuni kwa bamvua tatu. Mkiona vilivyofunuka vimejaa tope na havina kitu, mmejibu swali lenu kwa ushahidi wa ufuo wenu, na hayo ni matokeo ya kupeleka KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani.

fundi_wa_kilindini: Mimi nimetumia vipande vya matairi, bei rahisi na havipasuki. Ubaya uko wapi?

Jibu: Tairi huachia kemikali na zinki majini, na huyo chaza huchuja maji mchana na usiku ili ale. Vifuu vimejaa kila mahali pwani hii. Sioni sababu.

fundi_wa_kilindini: Lakini wameshika wengi tu.

Jibu: Kushika si kuwa salama. Sitabadilisha jibu.

mla_chaza: Pale Mikindani wamejaa kwenye mizizi. Ukiwakamulia ndimu na pilipili unakula wabichi, hakuna tabu.

Jibu: Tafadhali usifanye hivyo, na usimpe mtoto. Majitaka ya Mikindani yameingia kwenye mikoko ile kwa miaka mingi. Chaza huchuja maji hayo na kukusanya mwilini vijidudu vilivyomo: vya kinyesi, na vingine jamii ya vibrio ambavyo huishi baharini hata pasipo uchafu. Ndimu haiui. Kupika hadi kuiva kabisa kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini mazito. Chaza wa pahali kama hapo tunawahesabu, hatuwali.

mwanafunzi_kisauni: Nafanya mradi wa chuo Tudor. Masika mbegu zetu zilipungua ghafla ingawa urefu ulikuwa sawa. Inaweza kuwa maji ya mvua?

Jibu: Inawezekana sana, na ndiyo sababu ningependa muanze kupima chumvi. Tudor hupokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Mvua ikipiga bara, maji baridi hushuka na tope lake. Maji baridi ni mepesi, hukaa juu ya ya chumvi. Kwa hiyo maji yanapopwa, kifuu chako kinaweza kuwa ndani ya tabaka lile la juu. Chaza akihisi chumvi imeshuka hujifunga, na akijifunga hali. Siku moja mbili si neno, wiki ni njaa. Azimeni refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) chuoni, pimeni juu na kwenye usawa wa kifuu, maji yakiwa yamejaa na yanapopwa. Bahari ya nje ni kama 35 kwa elfu. Tope nalo mlitenge: sugueni vifuu vya mti mmoja kwa brashi laini kila mkienda, vya mti mwingine mviache. Vilivyosuguliwa vikipona na vingine vikafa, lawama ni ya tope.

mwanafunzi_kisauni: Ahsante sana. Tutaweka na mti wa tatu karibu na mdomo wa bahari.

Jibu: Vizuri sana. Huo ndio utakaokupa ulinganisho.

mvuvi_wa_tudor: Nyongeza kwa wageni: msiingie na ndapala. Gamba la chaza hukata kama wembe.

Jibu: Kweli kabisa. Viatu vya kitambaa vya kufunga kamba, soli nene, na glavu. Ukikatwa, osha kwa maji safi na sabuni papo hapo. Kidonda kikivimba na kuuma kupita kiasi au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

mama_wa_likoni: Na magamba ya waliokufa tuyatupe?

Jibu: Msiyatupe, mama. Yasuguweni, yaanikeni juani wiki kadhaa, kisha yatungeni kwenye kamba badala ya vifuu. Viluwiluwi huvutwa na harufu ya gamba la chaza kuliko kitu kigeni. Yaliyovunjika, yachomeni mpate chokaa ya Hatua ya 3, au yasageni muwape kuku.

kijana_mtwapa: Nimeenda leo na ndugu yangu, lakini maji hayakupwa sana, ukanda wa chini hatukuuona.

Jibu: Leo ni maji mafu. Tazama mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, ongeza siku moja au mbili, ufike saa tatu na nusu asubuhi na uwe umeshasimika mti kabla maji hayajageuka. Ukikwama, andika hapa, nitakujibu.