Uzamivu wa saikolojia ya jinai kwa njia ya mtandao: kagua haya kabla hujalipa ada

Saikolojia ya jinai ndipo saikolojia inapokutana na sheria: kupima kama mshtakiwa ana akili timamu ya kufuata kesi yake, kukadiria hatari ya mfungwa kurudia kosa, kuandaa mahojiano ya mtoto aliyedhulumiwa ili asiumizwe mara ya pili na maswali. Vyuo kadhaa vya Marekani vinafundisha uzamivu wa fani hii mtandaoni, na mtu aliyeko Mwanza, Mombasa au Muscat anaweza kuusoma bila kuacha kazi. Kosa linalowagharimu watu miaka na akiba yao ni kudhani kwamba kila shahada yenye jina hilo inatoa haki ya kumpima mshtakiwa na kutia saini ripoti ya mahakama. Nyingi haziitoi.

Anza na kazi, chuo baadaye

Andika sentensi moja: nikimaliza nitafanya kazi gani, nchi gani, kwa leseni ya nani. Anayelenga kufundisha chuoni, kufanya utafiti au kutunga sera za magereza anaweza kutoshwa na PhD ya mtandaoni isiyoelekea kwenye leseni. Mfano ni Walden University: PhD yake ya saikolojia ya jinai inasomwa mtandaoni, lakini haimwandai mtu kuwa mwanasaikolojia mwenye leseni.

Anayetaka kupima watu nchini Marekani ana njia ndefu zaidi. Kwa kawaida atahitaji uzamivu wa saikolojia ya kliniki, uwe PhD inayoelemea utafiti au PsyD inayoelemea tiba na upimaji. Baada ya hapo kuna mwaka wa mafunzo kazini, ambao mara nyingi huhesabiwa kama saa 2,000, mtihani wa leseni ya saikolojia uitwao EPPP, wenye maswali 225, na masharti ya jimbo husika. Ubobezi wa jinai hujengwa juu ya msingi huo. Uingereza nako cheo cha mwanasaikolojia wa jinai kinalindwa na sheria, na huwezi kukitumia bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia wataalamu wa afya huko. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Isome kabla hujachagua programu.

Ithibati ziko mbili

Ya kwanza ni ya chuo chenyewe. Itafute kwenye DAPIP, hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Chuo kisichoonekana humo kiache, hata kama tovuti yake imejaa nembo. Ya pili ni ya programu, na hapa ndipo wengi hunasa. APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, hutoa ithibati kwa uzamivu wa saikolojia ya kliniki, ya ushauri na ya shule. Haiitoi kwa uzamivu wa saikolojia ya jinai peke yake, wala kwa programu inayosomwa mtandaoni mwanzo hadi mwisho. Fielding Graduate University ya California ina PhD ya kliniki yenye ithibati hiyo, na sehemu kubwa inasomwa kwa masafa, lakini wanafunzi hulazimika kukutana ana kwa ana.

Waandikie pia wasimamizi wa vyuo vikuu, yaani TCU ukiwa Tanzania, au CUE ukiwa Kenya, uulize kama shahada hiyo, kwa njia hiyo ya kufundishwa, itatambuliwa. Fanya hivyo kabla ya malipo ya kwanza. Kwa chuo, tuma ujumbe wa Kiingereza wenye maswali haya:

"Naishi Dodoma na ni raia wa Tanzania. Je, programu hii inatimiza masharti ya elimu kwa leseni ya mwanasaikolojia? Katika majimbo yapi? Siku za kuhudhuria ana kwa ana ni ngapi, na wanafunzi wa nje huingia kwa viza gani? Ada ya muhula wa tasnifu ni kiasi gani, na nikichelewa?"

Dai jibu la maandishi. Maneno ya simuni hayatakusaidia. Swali la viza usiliruke: masomo ya mtandaoni hayakupi viza ya mwanafunzi, F-1, na viza ya matembezi hairuhusu masomo yanayohesabiwa kwenye shahada.

Fedha, muda na nyaraka

Piga hesabu mpaka siku ya kutetea tasnifu. Kwa mfano tu: kredit 75 kwa dola 600 kila moja ni dola 45,000. Mihula minne ya kuchelewa kwenye tasnifu, kwa dola 2,500 kila mmoja, inaongeza 10,000, na huenda muda wote huo ulikuwa unasubiri kibali cha utafiti. Mikopo ya serikali ya Marekani haitolewi kwa mgeni asiye na ukaazi unaostahili.

Kuhusu muda, uliza kama vipindi ni vya moja kwa moja. Kipindi cha saa 12 jioni New York ni saa 8 usiku Dar es Salaam wakati wa baridi yao, na saa 7 usiku wanaposogeza saa zao mbele. Anayeingia kazini asubuhi hatadumu hivyo kwa miaka. Atafute programu ya vipindi vilivyorekodiwa.

Nyaraka zianze kutafutwa miezi minne kabla ya tarehe ya mwisho. Jina kwenye pasipoti, cheti na transkripti lilingane herufi kwa herufi. La babu likiwa huku lipo na kule halipo, tathmini ya vyeti hukwama.

Tasnifu ya gerezani

Ukitaka kuwahoji wafungwa kwa tasnifu yako, hapa ndipo wengi hukwama. Kanuni za Marekani za kulinda washiriki zinawapa wafungwa ulinzi wa pekee, na kamati ya maadili inayopitia utafiti wa aina hiyo lazima iwe na mfungwa au mtu wa kuwawakilisha wafungwa. Ongeza vibali vya nyumbani: tume za sayansi, yaani NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania, na huko Tanzania pia NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, ikiwa utafiti unagusa afya. Kisha kuna ruhusa ya magereza yenyewe. Vibali hivi huweza kuzungukana: chuo kinataka barua ya magereza kwanza, na magereza wanataka kibali cha maadili kwanza. Fundo hilo hufunguliwa kwa kuomba magereza barua ya kukubali kimsingi, inayosema wazi kwamba utafiti hautaanza kabla kamati ya maadili haijaidhinisha. Tenga miezi sita au zaidi. Usipange kutegemea simu wala kinasa sauti ndani ya gereza. Andaa fomu za kujazwa kwa mkono.

Vipimo navyo vina mtego. PCL-R, orodha ya kupima dalili za usaikopathi yenye vipengele 20 na alama za 0 hadi 40, ilijengwa kwa wafungwa wa Amerika Kaskazini, na huwezi kuitafsiri bila idhini ya wenye haki. Hata swali fupi huharibika. Ukiuliza, "Unasikia sauti?", mtu aliyelala selo yenye msongamano atajibu ndiyo, na ni kweli, anasikia wenzake usiku kucha. Isitoshe, kwetu mtu husikia njaa, baridi na harufu. Uliza hivi: "Kuna sauti unazosikia ambazo walio karibu nawe hawazisikii?" Vivyo hivyo, anayesema "najuta" huenda anajutia kukamatwa, mfuatilie kwa swali, "Unajutia nini hasa?" Tafsiri ya dodoso irudishwe kwenye Kiingereza na mtu ambaye hajaiona ya awali, kisha zilinganishwe.

Ukiona njia ya gerezani haitafunguka kwa wakati, tumia hukumu zilizochapishwa. Tovuti za sheria za TanzLII (Tanzania) na Kenya Law zina hukumu nyingi zinazosomwa bure, zikiwemo za mauaji ambapo utetezi wa kutokuwa na akili timamu ulitolewa. Unaweza kuchambua namna majaji walivyoipokea au kuikataa ripoti ya daktari. Hata hapo, peleka andiko lako kwenye kamati ya maadili ya chuo upate jibu la maandishi kwamba huhitaji kibali kamili, ndipo uanze kukusanya hukumu.