Kebo Imechomekwa, Intaneti Haiji: Namna ya Kutafuta Hitilafu kati ya Kompyuta na Ruta ya Nyumbani

Katika majumba mengi ya ghorofa ya Nairobi, kuanzia Pipeline hadi Roysambu, watu huvuta kebo kutoka kwenye ruta iliyo sebuleni hadi kwenye meza ya kazi iliyo chumbani, kwa sababu waifai hudhoofika inapopita kwenye kuta za mawe na kwa sababu ruta za majirani zimejaza mawimbi kila upande. Kebo hutulia kuliko waifai. Hata hivyo, siku inapogoma, wengi hukimbilia kumpigia simu mtoa huduma, ilhali mara nyingi hitilafu imo ndani ya nyumba na ingeweza kupatikana kwa muda mfupi kama mtu angejua mahali pa kuanzia.

Anza kwa kuigawa njia ambayo data hupitia. Kipande cha kwanza ni kati ya kompyuta na ruta. Cha pili ni kati ya ruta na kifaa kinachopokea faiba, ingawa katika nyumba nyingi vifaa hivi viwili vimo ndani ya kasha moja. Cha tatu kinatoka hapo hadi kwa mtoa huduma. Kipande cha kwanza ni chako mwenyewe, na kwa kawaida mtu wa huduma kwa wateja hawezi kukiona akiwa kwenye simu. Kwa hiyo inafaa ukimalize wewe kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, zima waifai kwenye kompyuta. Usipofanya hivyo, kompyuta inaweza kuhamia kwenye waifai kimyakimya, nawe ukadhani kebo imepona. Kisha chukua simu, zima data yake, iunganishe na waifai ya ruta hiyohiyo, na ufungue ukurasa wowote. Ikiwa simu inapata intaneti, kipande cha pili na cha tatu ni vizima, na tatizo liko kati ya kompyuta na ruta. Ikiwa simu nayo haipati, usihangaike na kebo ya mezani. Ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Taa za matundu

Tazama tundu la kompyuta ambamo kebo imeingia, halafu utazame tundu la ruta. Kwa kawaida kila upande huwa na taa ndogo, moja au mbili, ila katika ruta kadhaa taa hizo zimepangwa mbele ya kasha pamoja na namba za matundu, na baadhi ya adapta za USB zinazotumiwa na vipakatalishi vyembamba hazina taa kabisa. Taa inayowaka inaonyesha kwamba vifaa viwili vimetambuana kupitia kebo, na inapopepesa, data inapita. Ikiwa taa imezimika pande zote mbili, tatizo ni la vitu vinavyoshikika: kebo, konekta, tundu, au kifaa ambacho hakina stima. Hakuna anwani wala neno la siri litakaloiwasha. Jambo la kwenye programu linaloweza kuizima mara nyingi ni kadi ya mtandao iliyofungwa. Kwenye Windows charaza ncpa.cpl katika sehemu ya kutafuta, ubonyeze Enter, na uhakikishe kwamba kadi ya kebo haijawekwa rangi ya kijivu.

Ninasisitiza taa hizi kwa sababu zinakuambia uko katika nusu ipi ya tatizo. Taa ikiwa imezimika, fanya kazi kwa mikono. Ikiwa inawaka na intaneti haipo, kaa kwenye kibodi.

Kebo yenyewe

Chomoa kebo pande zote mbili na uichomeke tena hadi usikie klipu ya plastiki ikilia. Klipu iliyovunjika ni chanzo cha mateso mengi: konekta hukaa tunduni ikionekana sawa, lakini hurudi nyuma milimita moja kila meza inapoguswa, na muunganisho hukatika na kurudi bila mpangilio unaoeleweka. Hakikisha pia kwamba kebo imeingia kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya nyumbani), wala si kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti), ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na limetengwa kidogo. Ukilitumia tundu la WAN kwa kompyuta, taa itawaka vizuri na bado hutapata chochote.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kifaa cha kununua. Chukua kipakatalishi, kisogeze hadi kando ya ruta, na ukiunganishe kwa kebo fupi unayojua kuwa ni nzima, kama ile iliyokuja na ruta. Ikifanya kazi, ruta na kompyuta zote ni nzima, na kosa liko kwenye kebo ndefu inayopita ukutani. Isipofanya kazi, badilisha tundu la ruta. Kisha, ukiweza, jaribu kompyuta nyingine. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kebo, tundu na mipangilio kwa pamoja anaweza kupata intaneti, lakini hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na kesho atakitumia tena.

Kebo ndefu huharibika kwa njia zinazojulikana. Hubanwa na mlango kila siku, hupigiliwa msumari, hukunjwa kwa nguvu kwenye kona, au hutafunwa na panya ndani ya dari. Ile inayoteremka kutoka paani huchakaa kwa jua ikiwa ni ya kijivu ya kutumiwa ndani, kwa kuwa gamba lake hukakamaa na kupasuka, kisha maji ya masika huingia hadi kwenye konekta na kuzifanya sahani zake za shaba kuota kutu ya kijani. Kebo ya nje yapaswa kuwa yenye gamba jeusi linalostahimili jua. Usiifunge kebo ya mtandao sambamba na waya wa stima kwa masafa marefu. Zikilazimika kukutana, zivuke kwa pembe mraba.

Ukienda kununua nyingine, Luthuli Avenue au dukani karibu nawe, kebo ya daraja la Cat5e inatosha kabisa kwa nyumba: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Jambo la kuchunga ni shaba. Kebo nyingi za bei ya chini ni za aluminiamu iliyopakwa shaba, na huandikwa CCA kwenye gamba au haziandikwi kitu. Kwaruza waya mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha chini ya ile ya shaba, hiyo ni aluminiamu, nayo huvunjika upesi inapokunjwa. Kwa kipande cha mita mbili kisichosogezwa huenda ikakufaa, lakini usiifukie ukutani.

Kuhusu konekta za RJ45, yaani vichwa vya plastiki kwenye ncha za kebo, kuna kosa ambalo hata baadhi ya mafundi hulifanya, na linastahili kuelezwa polepole. Ndani ya kebo mna nyaya 8 zilizosokotwa jozi 4. Mpangilio unaotumika zaidi, T568B, ukiishika konekta klipu ikiwa nyuma na nyaya zikiingia kutoka chini, ni huu kutoka kushoto: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, samawati, nyeupe-samawati, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mtu asiyejua huona ajabu kwamba kijani kimetenganishwa na mwenzake, hivyo huzipanga jozi kwa kufuatana na kurudia vivyo hivyo upande wa pili. Kipima kebo cha kawaida kitawasha taa zote 8 na kumwambia yote ni sawa, kwa sababu kinapima tu kama kila waya umefika. Lakini nyaya namba 3 na 6, ukihesabu kutoka kushoto, zinapaswa kutoka katika jozi moja iliyosokotwa. Zikitoka jozi mbili tofauti, msokoto haupunguzi tena mwingiliano wa mawimbi, na kebo inakuwa ya polepole au inakatika hasa ikiwa ndefu. Kwa hiyo, hata kipimo kikikubali, tazama rangi kwa macho yako kupitia plastiki ya konekta.

Dalili nyingine yenye manufaa ni kasi inayokwama chini kidogo ya megabiti 100 kwa sekunde ilhali umelipia zaidi. Muunganisho wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, namba 1, 2, 3 na 6, ilhali wa gigabiti 1 huhitaji zote nne. Waya mmoja katika jozi nyingine mbili ukikatika, vifaa vinaweza kushuka hadi 100 bila kulalamika. Kwanza hakikisha kwamba matundu ya ruta yako si yale ya megabiti 100. Kama ni ya gigabiti, bana konekta upya.

Matundu nayo hufa. Stima ikirudi kwa kishindo baada ya kupotea, au radi ikipiga karibu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, tundu moja linaweza kuungua huku mengine yakiendelea kufanya kazi. Kinga ya kweli ni kuchomoa adapta ya stima pamoja na kebo yoyote inayotoka nje ya nyumba, kwa sababu umeme wa radi huingia kwa njia zote mbili.

Taa inawaka lakini intaneti haipo

Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, na usome anwani ya IPv4 ya kadi ya kebo, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Kwenye Linux amri ni ip addr, na kwenye Mac utaiona katika mipangilio ya mtandao. Anwani inayoanza kwa 192.168 kwa kawaida ni dalili njema. Inayoanza kwa 169.254 ina maana kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikirudi ileile, rudi kwenye kebo, au uangalie kama DHCP, huduma ya kugawa anwani, imezimwa kwenye ruta. Baadhi ya vipakatalishi vya ofisini huja na shida tofauti: vimewekewa anwani ya kudumu ya ofisi, ambayo nyumbani haina maana. Virudishe kwenye kupokea anwani moja kwa moja.

Ukishapata anwani, chukua namba ya lango (Default Gateway), yaani anwani ya ruta, iliyoonyeshwa na ipconfig, kwa mfano 192.168.1.1, na uandike ping 192.168.1.1, amri inayotuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu. Kwa kebo nzima majibu huja ndani ya milisekunde moja au mbili, bila kukosa hata moja. Kama unashuku konekta, andika ping -t mbele ya namba hiyo ili majibu yaendelee, kisha uitikise kebo taratibu, kwanza upande wa kompyuta, halafu upande wa ruta. Majibu yakikatika unapogusa mahali fulani, umepapata. Ili kuisimamisha, bonyeza Ctrl na C.

Lango likijibu, jaribu ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti, halafu ping ya jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likashindwa kutambuliwa, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS, kisha uandike ipconfig /flushdns.

Ruta mbili na swichi

Waliojinunulia ruta ya pili wana mtego wao. Ukiiunganisha LAN kwa LAN na ile ya mtoa huduma, zote mbili zikigawa anwani, kompyuta itachukua anwani kutoka kwa yoyote itakayowahi kujibu, na leo utapata intaneti, kesho utaikosa. Zima DHCP ya ruta ya pili na uipe anwani tofauti na ya kwanza. Ukitumia swichi, yaani kifaa cha kuongeza matundu ya mtandao, chunguza kwamba hakuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimeingia kwenye swichi hiyohiyo. Data huzunguka humo bila mwisho, taa zote hupepesa kwa kasi pamoja, na nyumba nzima hukwama hadi kebo hiyo ichomolewe.

Hitilafu ikiwa nje

Simu nayo ikikosa intaneti, tazama kifaa cha faiba. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Usiifungue faiba wala kuichungulia, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Angalia tu kama imekunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati, kisha upige simu. Ikiwa taa ni sawa, lango linajibu, lakini 8.8.8.8 haijibu (tazama majaribio ya ping hapo juu), hakikisha kwanza kwamba malipo ya mwezi hayajaisha. Zima kila kitu, uwashe kifaa cha faiba, usubiri taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta na mwisho kompyuta. Ikiwa umebadilisha ruta karibuni, kumbuka kwamba baadhi ya watoa huduma huhitaji jina na neno la siri la PPPoE, yaani la ruta kujiunga na mtandao wao, na wengine huifunga huduma kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya ruta ya zamani hadi uwaombe waibadilishe.

Unapopiga simu, waambie rangi ya taa ya LOS, kwamba lango linajibu bila kupoteza pakiti, yaani bila jibu lolote kukosekana, kwamba umejaribu kebo fupi kando ya ruta, na saa hitilafu ilipoanza. Omba namba ya malalamiko na uiandike.